Mlango wa Chumvi na Sukari

Asubuhi ile naikumbuka hadi leo, mwanangu. Nilikuwa bado mgeni katika ndoa, huko Karambi, na kifungua mimba wangu Masika alikuwa akiharisha na kutapika tangu jana yake. Macho yamezama, akilia hatoi machozi, na mkojo umekatika. Kila nikishika kikombe, mama mkwe ananizuia.

"Kila unachompa inatoka. Wacha tumbo ipumzike."

Nani angembishia mama mkwe enzi zile? Ndipo akapita jirani yetu Mama Kavira, muuza vitenge kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, akielekea sokoni Bwera kwa bodaboda. Alimtazama mtoto mara moja tu.

"Mutoto iko mubaya. Panda, tuende."

Nikapanda na mtoto. Kwenye kituo cha afya, muuguzi mmoja, Sista Biira, alikoroga pakiti ya chumvi na sukari katika maji safi, akaanza kumnywesha kwa kijiko. Mara mama mkwe akatokea, amekuja mbio na hasira zake.

"Anahara maji, nawe unamuongezea maji?"

Sista hakumkaripia. Alimvutia benchi.

"Kaa, mama. Ukuta wa utumbo umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, zimeshikana kila moja na jirani yake. Kila seli ina ngozi nyembamba inayochagua cha kupitisha. Ugonjwa huu unazifanya zitoe chumvi, na maji yanaifuata nje. Lakini kuna mlango mmoja ugonjwa haujaufunga: sukari na chumvi zikifika pale pamoja, zinaingia. Zikiingia, maji yanazifuata ndani."

Masika akatapika. Sista akangoja kidogo, akaanza tena, polepole zaidi.

Mama mkwe alikuwa ameinama. "Sista," akasema kwa sauti ya chini, "nilikuwa na kijana, Bwambale. Alishikwa hivi hivi. Aliomba maji mpaka sauti ikaisha. Tukamkatalia."

Sista alimkabidhi kijiko. Bibi akamnywesha mjukuu wake hadi jioni, na hakukubali mtu ampokee. Jua likishuka, Masika akakojoa, akamlowesha bibi yake gauni lote. Tulicheka huku tunalia.

Basi, mwanangu, mtoto akiharisha usimnyime kinywaji wala ziwa. Koroga pakiti kama ulivyoelekezwa, usizidishe chumvi, mpe kidogo kidogo, na usikawie kumpeleka kwa wauguzi. Na mzee akikukataza, usimdharau. Mweleze taratibu maji yanapita wapi, kwa sababu huenda hicho anachokishikilia alifundishwa na watu aliowapenda, na kukiacha ni kukiri jambo zito mno.

Mungu akupe subira ya kueleza na moyo wa kusikiliza. Wanao wakue, wazeeke, na wewe usimzike hata mmoja.