Ngoro za Mama na Hesabu za Bure

Walisema sitaweza hesabu hata nikizaliwa mara ya pili. Walisema hivyo kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wetu walipokuwa wakila pamoja jioni nyumbani kwa baba mkubwa, nami nilikuwa nimeshika tonge mkononi. Nilikuwa nimefeli hisabati kidato cha nne, na nimetoka kutangaza kwamba nitaurudia mtihani huo mwenyewe, kwa kusoma masomo ya bure kwenye kompyuta mjini Mbinga.

"Ya bure?" baba mkubwa aliuliza. "Siku hizi nani anakupa kitu bure? Hata mnunuzi wa kahawa akikupa gunia tupu, ujue anataka lirudi limejaa."

"Na huyo mwalimu wa kwenye kioo," baba mdogo akadakia, "ukikosea anakuchapa na nini?"

Wakacheka mpaka mboga ikapoa. Mimi nilimaliza tonge langu. Waliocheka nawakumbuka wote, na nani alianza.

Soko huria lilikuwa limetuletea wanunuzi binafsi wa kahawa, mitumba, minara ya simu, na mwishowe duka la intaneti karibu na stendi, lenye kompyuta zilizochoka kabla hazijafika kwetu. Masomo yalikuwa bure kweli; kompyuta ndiyo haikuwa bure. Dada mwenye duka alikubali nifagie, nichote maji na niwashe jenereta umeme ukikatika, nami nikapewa kiti asubuhi kabla wateja hawajaja.

Nilisoma hisabati, fizikia na biolojia. Kulikuwa hata na masomo ya afya ya mwili na akili: namna ya kulala vizuri, kupumua taratibu hasira ikipanda, na kuwasamehe waliokukosea. Kulala na kupumua nilijifunza. Hilo la kusamehe sikulimaliza, na sijalirudia hadi leo.

Mama ndiye aliyeumia. Kwetu milimani shamba la ngoro halilimwi na mtu mmoja. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, kama wavu uliotandazwa mlimani. Wanawake hufukua udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi. Hubaki mashimo ya kuzuia maji na matuta ya kupandia. Kazi hiyo tunaifanya kwa ngokela: leo wote kwako, kesho wote kwa jirani, na mwenye shamba huandaa pombe na chakula. Mama alikuwa mjane na mgongo ulimsumbua. Msimu ule ndugu walikuja wakalima kwetu. Zamu zao zilipofika, mama alikuwa kitandani kwa maumivu ya mgongo, mimi niko mjini mbele ya kompyuta.

"Mwanao anakopa jasho la watu," shangazi alimwambia mama kisimani, wanawake wote wakisikia. "Akifeli tena, utatulipa na nini? Na huo mgongo?"

Mama alinisimulia bila kulia. Kisha akaniambia neno moja tu: "Faulu."

Nami nilikuwa nafeli. Kwenye somo la grafu kompyuta ilinipa namba mbili, niweke nukta mahali pake. Kila nukta yangu ilikataliwa. Nilirudia somo lile mpaka dada mwenye duka akaniuliza kama nimempenda yule mwalimu. Hakukosea sana. Kila niliporudia, mwalimu yule alieleza kwa upole uleule wa mwanzo, jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kunifanyia.

Kosa nililiona shambani, Jumamosi moja nilipokwenda kupanda maharage badala ya mama. Sisi Wamatengo tukihesabu ngoro tunahesabu mashimo. Ukiniambia ya tatu kwenda kulia, ya pili kwenda juu, nitasimama katikati ya shimo. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya kwenye grafu: nahesabu miraba, naweka nukta katikati. Nikiwa nimeinama na mbegu mkononi nikakumbuka kwamba shimoni hatupandi kitu. Mbegu inakaa juu ya tuta. Namba nazo zinakaa kwenye mistari, na kuhesabu kunaanzia pembeni kabisa, matuta mawili ya mwisho yanapokutana. Pale ni sifuri, kwa sababu hujapiga hatua bado.

Jumatatu hakuna nukta yangu iliyokataliwa. Mtihani nilifaulu, tena si kwa kujikongoja. Nikaenda chuo, nikachukua stashahada ya maabara, nikapangiwa kituo cha afya kule ziwani, Mbaha, ambako wavuvi waliniita daktari nami sikuwasahihisha.

Nilirudi milimani msimu wa kulima ngoro. Nilipita kwa kila aliyetulimia, nikatoa shikamoo, nikasema nimekuja kulipa siku zake. Siku za mama zilikuwa za kufukua, kwa hiyo nilishika jembe nikaingia kwenye mstari wa wanawake, na stashahada yangu.

"Msomi anafukua," shangazi alisema. "Huko chuoni hawakukufundisha kukaa na wanaume?"

"Walinifundisha pembe mraba, shangazi. Hebu tazama zako."

Nilikuwa nimekuja na vigingi na kamba. Ngoro zangu zilinyooka mteremko mzima, na zao za pembeni zikaonekana zimechimbwa na walevi. Sikuhitaji kusema, watu waliopita njiani walisema.

Kwa baba mkubwa nilikwenda mwisho, kwa makusudi. Nililima mpaka shimo la mwisho. Akanipa kibuyu cha pombe kwa mikono miwili. Kwetu ukinywa pombe ya mwenye shamba, umekubali kuitwa tena.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Wiki ijayo tunarudi kwa baba yako mdogo. Halafu huyu mwanangu wa mwisho, mdogo wako, hisabati inamshinda, utamsaidia."

"Masomo yapo mjini, baba, bure. Mimi nauliza moja. Kuna mtu hapa anayemdai mama yangu hata siku moja?"

Shangazi alikung'uta udongo kwenye kanga yake.

"Hakuna," baba mkubwa alisema.

Nikamrudishia kibuyu kikiwa kimejaa, nikawaaga wote kwa heshima, nikaondoka.