Kamera Isiyotoa Macho Mekundu

Niliporudi nyumbani Bukombe kutoka Uarabuni, nilikuwa na diploma yangu ya umeme na hela niliyoichuma mwenyewe, bila mjomba wala mfadhili. Nyumba yenye bati za rangi za msauzi inayoonekana ukitokea barabara ya Ushirombo ni yangu. Nyaya zake zote nilizivuta mimi, na tangu hapo hazijawahi kunisumbua. Mama nilimjengea chumba chenye vigae, nikamnunulia jiko la gesi. Jiko hilo analitumia kuwekea sahani. Chakula bado anapikia kuni kwenye jiko la nje, moshi ukimzunguka, na macho yake yameiva kwa moshi huo tangu nilipokuwa mtoto.

Kilichokuwa kimebaki ni kamera. Simu ninayo, tena nzuri, lakini picha za simu hupotea na simu. Nilitaka picha za kusafishwa, za kushikwa mkononi na kuwekwa ukutani. Nikaenda Kahama, nikachagua kamera ndogo ya kuingia kwenye mfuko wa shati, mpya, rangi ya fedha. Ilivuta picha ya mbali na haikula betri. Muuzaji alinionyesha nyingine, kubwa, iliyokwisha kutumika, imechubuka pembeni. Bei zilikaribiana. Nilicheka. Sikurudi kutoka ng'ambo nivae mitumba shingoni.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa komunio ya mtoto wa dada yangu. Watu walijaa kwangu baada ya misa, kisha mvua ikanyesha na umeme ukakatika, sote tukabanana sebuleni. Ilikuwa mchana, lakini wingu liliufanya kama jioni. Nikawapanga. Mtoto na gauni lake jeupe mbele, mama katikati, majirani pembeni. Watu wote walikuwa wanamtazama mtoto, naye mtoto akitazama gauni lake. Nikasema, "Mama, wewe tazama hapa kwenye kioo." Akatazama. Nikabonyeza, mwanga ukawaka.

Kadi niliipeleka Kahama, wakasafisha nakala za kutosha kila nyumba iliyokuja. Zilikuja kwenye bahasha, nami nikazigawa kwa mkono wangu, nyumba kwa nyumba. Hakuna mtu kijijini kwetu aliyewahi kufanya hivyo, na nilihakikisha wanalijua hilo.

Siku chache baadaye mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alifika asubuhi. Aliitikia shikamoo yangu kwa kichwa tu, akafunga mlango, akatoa picha kwenye kanga na kuiweka mezani.

"Umeitazama hii?"

"Nimeitazama."

"Yatazame macho ya dada."

Watu wote kwenye picha ile walikuwa na macho ya kawaida. Mama peke yake alikuwa na macho mekundu, mekundu ya makaa, yamewaka katikati ya kundi.

Jambo lenyewe nililijua papo hapo. Palipo giza mboni hupanuka, na taa ya kamera ikiwa imekaa ubavuni mwa kioo chake, mwanga unaingia jichoni, unagonga damu iliyo nyuma na kurudi moja kwa moja. Ng'ambo watu huona ni kasoro ya picha, wanacheka na kuifuta. Lakini mimi ni mtoto wa huku. Huku mwanamke mzee mwenye macho mekundu huitwa mchawi, wala haombwi maelezo. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na bibi ng'ambo ya mbuga aliyekuwa akitupatia karanga. Siku moja tukaambiwa tusipite tena kwake. Mlango wa nyumba yake ulibaki wazi hadi mvua zikaibomoa. Hatukuelezwa kitu, na hatukuuliza.

"Nani ameona?" nikauliza.

"Uliza nani hajaona. Jirani yako ameitoa ukutani. Mtoto wake ana homa haishuki, na duara lake kule Bulyanhulu halijatoa kitu tangu komunio."

Duara ni shimo la mchimbaji mdogo, na mchimbaji ambaye shimo lake limekauka hutafuta sababu juu ya ardhi.

"Anataka kuipeleka kwa mganga," mama mdogo akasema. "Akishaambiwa jina huko, hutapata wa kumweleza mambo ya umeme."

Nilianza kukusanya picha siku hiyohiyo. Nilisema zimetoka vibaya, nitaleta nyingine. Wengi walinirudishia haraka, wakizishika kwa pembe. Kwa jirani nilimkuta amekaa mlangoni, ananoa sururu.

"Mbona kwangu imetoka vizuri," akasema. "Inaonyesha kila kitu."

"Nitakuletea kubwa zaidi, yenye fremu."

"Msomi, zawadi ukishatoa unarudi kuidai? Ndivyo mnavyofanya Uarabuni?"

Nikamweleza habari ya mwanga na mboni. Alinisikiliza hadi mwisho, bila kuacha kunoa.

"Na mbona mwanga huo haukurudi kwa wengine?"

"Wengine walimtazama mtoto. Mama nilimwambia mimi atazame kamera."

"Ni mama yako. Lazima useme hivyo." Akajaribu ncha ya sururu kwa kidole gumba. "Nina safari wiki hii. Nitakwenda nayo."

Sikumuuliza safari ya wapi. Nyumbani mama alikuwa anachambua choroko. Alikuwa ametoka kwenye sala ya jumuiya mapema, maana kwenye benchi alilokaa hakukaa mtu mwingine.

"Mama, twende ukakae Shinyanga kwa dada kidogo."

"Nikiondoka sasa watasema nimekimbia," akasema. "Choroko hizi zina mawe."

Kesho yake nikarudi Kahama. Muuzaji alinikumbuka, akaanza kunisifia kamera mpya zaidi. Nilimwambia azime taa, anipeleke stoo nyuma, akae kwenye ndoo, anitazame.

"Bosi, unanunua kamera au unanipima uchawi?"

"Tazama hapa."

Nilimpiga picha kwa kila kamera ya bei ninayoiweza, na kila mara nilikuza picha hadi macho yake yakajaa kwenye skrini. Sikutazama rangi, sikutazama kuvuta mbali. Zile za mfukoni zilimtoa mekundu, zote. Kamera ya simu yangu, taa ikiwashwa, iliacha doa.

"Wewe ni wa wapi, bosi?"

"Bukombe."

Hakutania tena. Akashusha ile kubwa iliyochubuka. Kioo chake kilikuwa kipana, kilikula mwanga mdogo wa dirishani bila kuhitaji taa, na taa ikihitajika iliwekwa juu kabisa na kugeuzwa kuelekea dari. Nilimpiga nayo tena na tena. Macho yakatoka meusi. Nikailipia, na ile ndogo nikabaki nayo, maana nilikuwa nimeshajua itanifanyia nini.

Kwa jirani niliingia na kamera zote mbili. Sebule yake ina dirisha dogo, na mkewe alikuwa amelishusha pazia kwa sababu ya mtoto, aliyekuwa mgongoni mwake akikohoa. Nilisema nimekuja kujaribu kamera. Hakuna mchimbaji ninayemjua anayekataa picha. Akavaa kofia yake na saa, akaketi wima.

"Tazama hapa kwenye kioo," nikamwambia, kama nilivyomwambia mama. Nikatumia ile ndogo.

Mkewe ndiye aliyeiona kwanza begani mwangu. "Baba watoto," akasema, akasogea nyuma hatua na mtoto wake.

Nikamgeuzia skrini. Alijitazama muda mrefu. Macho yake yalikuwa makaa mawili chini ya kofia. Sururu ilikuwa imeegemea ukuta karibu na mkono wake, na mlango ulikuwa nyuma yake, si nyuma yangu.

"Hii nayo nikiisafisha," nikasema, "nitaigawa kama nilivyogawa ile."

"Futa."

"Lete ya mama."

"Futa kwanza."

"Lete."

Akaingia chumbani. Nilihesabu pumzi zangu ili nisitazame sururu. Alirudi na picha ikiwa imefungwa kwenye kipande cha kaniki, kwa uzi, kitu kilicho tayari kwa safari. Nilibonyeza kufuta mbele ya macho yake, naye akachukua kamera na kupekua mwenyewe kuhakikisha. Hakuniuliza kwa nini macho yake yalitoka vile. Hadi leo hajauliza, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Picha zote nilizichoma kwenye jiko la nje. Mtoto wa jirani alipona kwa dawa za zahanati. Duara sijui. Tukipishana njiani ananisalimu, "Mwangaluka, msomi," naye hutazama mkononi mwangu nimeshika nini.

Kamera ile kubwa naitumia kila siku, na nikisema ndiyo bora kwa bei yake Kahama nzima sikosei. Ninazo picha za choroko uani, za ng'ombe wakirudi, za mtoto wa dada akisoma. Za mama zipo nyingi. Najua kioo hiki hakiwezi kumtoa mekundu, nilikipima mwenyewe. Lakini kila ninapoiinua mama huuliza, "Nitazame wapi?" nami kabla sijafikiri mkono wangu unakuwa umekwisha kumwonyesha kuku, au lango, au mahali pengine popote. Sina picha hata moja ambayo mama yangu ananitazama.