Maiti Niliyempa Sauti

Mtu huwezaje kudhani kimya cha huzuni ni kimya cha hofu?

Katika banda la video pale mtaani Mwanga, karibu na ziwa, mimi mwalimu niliwalinganishia watazamaji filamu mbili za kutisha: ya kale isiyo na sauti, na ya juzi, ya bei rahisi, ambamo mvuvi aliyezama anarudi nyumbani. Hii ya pili niliidharau, nikaizima sauti na kuitafsiri kwa mzaha, kama wafanyavyo watafsiri wa mabandani, nikimsemea yule mvuvi: “Mke wangu, fungua, nimeleta dagaa.”

Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Nikadhani wametishika, nikazidisha mbwembwe.

“Mwalimu, inatosha,” alisema Mama Neema, jirani yangu, ambaye mumewe, mvuvi, ziwa halijamrudisha. “Mimi mlango siufungi mpaka leo.”

Kesho yake asubuhi nilikwenda ufukweni Kibirizi, anakouza dagaa Mama Neema, nikamwomba radhi mbele ya wauza dagaa wenzake.