Dishi la Baba na Mlingoti wa Simu

Kiwanda cha chai kilipokata mikaratusi yake ya kuni za boila, majirani walishangilia. Mlingoti wa simu uliokuwa umejificha nyuma ya miti ukabaki wazi, mtandao ukaingia hadi jikoni, na wachumaji wakaanza kupiga simu za video katikati ya majani chai. Kwetu, hapa karibu na Kapkatet, dishi kubwa la baba likanyamaza.

Baba alitoka kwao Ujaluoni, kando ya ziwa, akiwa kijana kuja kufanya kazi kiwandani, na hakurudi. Alipopatwa na kiharusi, maneno yote yalimpotea. Kilichobaki ni nyimbo za ibada ya asubuhi ya Kijaluo, tuliyoipata kwa setilaiti pekee. Anayemfanyisha mazoezi alinionya, "Usimwache akae bila kuimba. Hata hizo zitapotea." Kwa hiyo mtu asinianzie habari za maendeleo.

Fundi wa dishi alikuja kutoka Ndanai, akapimapima, akatikisa kichwa. Akasema siku hizi setilaiti na simu zinagawana masafa yale yale. Mawimbi ya setilaiti yanatoka mbali, yanafika yakiwa hafifu, na mlingoti unayafunika. Miti ndiyo ilikuwa inatukinga, na sisi hatukujua.

Nikapigia kampuni ya simu. Msichana wa huduma kwa wateja akauliza, "Mama, unanisikia vizuri?"

"Nakusikia vizuri mno! Hiyo ndiyo shida yangu!"

Akasema wana leseni. Nikapigia wenye setilaiti, wakasema chombo chao huko juu hakina neno. Yawa! Kila mtu yuko sawa isipokuwa baba yangu. Na wale wanaoniambia nimwekee ibada kwenye simu, waitafute wao. Mimi nimeitafuta mpaka macho yakaniuma, haiko.

Mwishowe fundi alisimamisha mabati makuukuu kati ya dishi na mlingoti. Ua wetu sasa unafanana na choo kilichoachwa katikati ya ujenzi. Sauti ilirudi, lakini vipande vipande: nusu mstari, kimya, nusu mstari mwingine. Baba akawa anaimba hivyo hivyo. Ikikatika, naye anakatika. Nilikasirika kila asubuhi, halafu nikajipa moyo kwamba nusu ni afadhali.

Jumapili iliyopita stima ilipotea kabla ya ibada. Nikavuta kiti karibu naye, nikamwambia, "Baba, leo tuimbe wenyewe."

Alianza vizuri, kwa ile sauti yake nzito ya kwaya. Katikati ya mstari akanyamaza. Nikaendelea mimi ili anifuate. Akainua mkono wake usiopooza, akaniwekea kidole mdomoni, akageukia spika iliyozimika, akangoja irudi.