Kona ya Cansilde: kiingilio ni jiwe moja

Jumapili, saa nne asubuhi. Ukungu unaachia taratibu migongo ya vilima vya Mudende, na Cansilde amesimama kwenye ukingo wa shamba lake la viazi, mtoto mgongoni, mkono kiunoni. Chini yake watu wanapanda mteremko kwa mstari. Wapo waliotoka misa ya kwanza, wapo waliopanda gari sokoni Gisenyi, wapo vijana waliokodi baiskeli. Kila mmoja amekumbatia jiwe jeusi la volkano.

"We papa, jiwe yako iko wapi?" anamuuliza mwanaume aliyevaa suti ya kahawia.

"Mama, mi natoka kanisani."

"Bon. Na huko kanisani walikuambia Mungu alikupa mikono ya nini? Mawe iko pale kwa barabara. Chagua."

Watu wanaangua kicheko. Mwanaume huyo, karani wa mjini anayeitwa Régis, anateremka akinung'unika na kurudi na jiwe dogo kama ngumi.

"Hiyo ni ya kupasulia njugu," Cansilde anamwambia. "Ongeza."

Hivi ndivyo mtu anavyoingia kutazama mashindano ya pikipiki Mudende. Hakuna tiketi wala mlinzi mwenye filimbi. Pikipiki ni zile zile ambazo siku za kazi hubeba abiria, mitungi ya maziwa na wagonjwa. Siku ya mashindano huvuliwa vioo na vibebeo, zikapanda barabara ya udongo hadi senta ya kijiji, moja baada ya nyingine, na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Waendeshaji wengine huvuka mpaka kutoka Goma. Na mahali pazuri kuliko pote pa kutazama ni hapa, kwenye kona kali inayolizunguka shamba la Cansilde, ambapo dereva hulala ubavu mpaka goti lake linakaribia kugusa ardhi.

Ndiyo maana mwezi wa tano mwaka huu, mashindano ya kwanza tangu vita viishe na barabara itulie, watu wote walijaa hapo. Ndiyo maana pia Cansilde alilia.

"Viazi vilikuwa vimetoa maua," anakumbuka. "Jioni yake, ungesema ng'ombe mia wamelala humo."

Shamba ambalo humpa magunia kumi na manne lilimpa manane. Hayo ndiyo chakula, mbegu ya msimu unaofuata, na sabuni ya nyumba yenye watoto watatu. Mume wake, Gatete, hupakia mizigo kwenye bandari ya Rubona na hurudi Jumamosi. Ujira wake peke yake hauwezi kuziba pengo la magunia sita.

Kila mtu alimshauri ajenge uzio mbele, upande wa barabara. Gatete alikwisha kata miti ya mikaratusi. Lakini Cansilde alikuwapo siku ile, na alikuwa ameona jambo ambalo wengine hawakuliona.

"Watu hawakuharibu shamba wakati wa kutazama," anasema. "Wakitazama, wanasimama kama miti. Mvua ndiyo iliwakimbiza. Walikata katikati ya viazi, wakimbilie hangari yangu, wajifiche. Donc, uzio wa mbele ungefanya nini? Ungewafungia humo humo na viazi vyangu!"

Akaja na mpango wake. Matuta matatu ya mbele hakuyapanda. Hayo ni ya watazamaji. Kutoka hapo hadi kwenye hangari, kibanda kirefu chenye paa la mabati na turubai anamohifadhi viazi, alichora njia moja kati ya matuta, upana wa watu wawili. Njia hiyo ndiyo inayokula mawe. Kila mtazamaji analeta lake, Gatete analipanga na kulishindilia udongo.

Kwa nini asitoze faranga hamsini, akajenga kwa pesa hizo?

"Mutu akilipa pesa, anaona amenunua shamba," anajibu. "Akibeba jiwe mwenyewe, jasho ikamutoka, hawezi kusahau njia iko wapi."

Mama mkwe wake, Verediane, hakuukubali mpango huo hata kidogo. Ameketi mlangoni pa hangari na fimbo yake, na analisema hilo kwa kila anayepita.

"Mimi nimelima tangu nikiwa binti. Nimepanda mtama, nimepanda njegere, nimepanda viazi. Huyu mke wa mwanangu ndiye wa kwanza kupanda watu."

"Mabukwe, ngoja tuone mavuno," Cansilde anamjibu kwa heshima, kwa jina ambalo wakwe huitwa huku.

"Mavuno ya watu? Utayapika na nini?"

Faradji, fundi pikipiki wa mjini anayeandaa mashindano haya, naye amekwisha sema neno lake. "Shamba ikiharibika tena, mi nahamisha mashindano. Mchezo wa kukanyaga chakula ya watu siutaki." Kwa hiyo leo Cansilde amewekeza yote: matuta matatu aliyoyaacha bila mbegu, na mengine yote yaliyobaki, ambayo yanatoa maua meupe kuzunguka njia yake.

Saa tano pikipiki ya kwanza inanguruma chini bondeni. Ya pili, ya tatu. Kijana mmoja wa Goma anaikata kona kwa namna ambayo wanawake wanafunika macho na wanaume wanashika vichwa. Vumbi jekundu, mayowe, harufu ya petroli. Mzee mmoja anaapa kwamba hajawahi kufurahi hivi bila kununua chochote.

Kisha, pikipiki ya saba ikiwa bado kupita, volkano zilizo nyuma ya vilima zinapotea machoni. Wingu linashuka kama mtu aliyevuta pazia. Tone moja, mawili, halafu mvua ya Mudende, ile isiyobisha hodi.

Watu wanageuka. Cansilde hapigi kelele. Amenyanyua mkono mmoja tu, anaonyesha njia, na mkono wa pili umefunika kichwa cha mtoto.

Wanaingia njiani. Wawili wawili, wakisukumana, wakicheka, wengine wakirukaruka juu ya mawe waliyoyaleta wenyewe. "Hili ni langu!" "Toa mguu, hilo ni la kwangu!" Kushoto na kulia, maua ya viazi yananyeshewa kwa amani.

Isipokuwa mtu mmoja. Suti ya kahawia imekata kona na kuingia kwenye matuta.

"Suti! We Suti, rudi kwa njia!" umati unapaza sauti.

"Unakanyaga chakula ya watoto!"

Lakini anayemfikia kwanza ni Verediane. Ametoka kwenye hangari bila mwamvuli, fimbo juu, magoti ya miaka sabini yameusahau uzee. "Toka humo! Unafikiri hiyo ni kapeti ya ofisi yako? Rudi ulikotoka, na urudi kwa nyayo zako zile zile!"

Régis anarudi kinyumenyume, kiatu kimoja mkononi. Akifika hangarini anapokelewa kwa hukumu ya umati: jiwe la pili, mvua ikikatika.

Mvua inapopungua, Cansilde anapita tuta kwa tuta, ameinama, anagusa mashina. Miche michache imevunjika, yote kwenye nyayo za kiatu kimoja cha kanisani. Anasimama wima, anafuta uso kwa kitenge.

"Magunia kumi na manne iko hapa," anamwambia mama mkwe.

"Kumi na matatu," anasema Verediane, ambaye hajazoea kushindwa. "Na mwambie Gatete aitanue ile njia. Watu walikuwa wanabanana."

Faradji anapanda kutoka barabarani, matope hadi magotini, kuthibitisha kwamba mashindano yajayo yatabaki papa hapa, mwezi wa pili, huo mwaka elfu mbili ambao kila mtu anauongelea. Anamuuliza Cansilde ni dereva gani aliyemfurahisha zaidi leo.

Cansilde anacheka hadi mtoto anaamka.

"Mi siwajui! Mara zote mbili nimesimama mgongo kwa barabara. Nilikuwa naangalia miguu ya watu. Pikipiki nazisikia tu."

Anamvuta mtoto mbele, anamfunga upya kifuani, na kuitazama kona iliyo tupu.

"Mwezi wa pili viazi vitakuwa vimeshatoka, mbegu haijaingia. Shamba itakuwa udongo mutupu, mutu akanyage anapotaka. Siku ile nitakuja mapema, nikae pale mbele kabisa, na huyu mtoto na mabukwe. Nitageuka upande ule, nizione pikipiki zikipita."