Salamu Zilizopooza Turbo

Walioua injini ile ni wawili: bosi wangu na shemeji yake. Majina siandiki, mtaa mzima wa Bombambili unawajua.

Bosi alihamia Songea biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, enzi zile mwenye marobota mawili ya mitumba anaitwa mkurugenzi. Akanunua pikapu ya dizeli iliyochoka, kisha akamwambia fundi aifungie turbo iliyotolewa kwenye gari jingine, ibebe mahindi ya Lusewa kupita uwezo wake. Turbo ni kidude cha chuma mfano wa konokono. Kinazungushwa na moshi wa injini na kuisukumia hewa. Pikapu ikaanza kupanda milima kama imeibiwa.

Fundi akaniita pembeni. "Kijana, injini hii haikuzaliwa na turbo. Ukifika na mzigo usizime. Iache iungurume taratibu kama dakika tatu, oili iipooze turbo. Ukizima ghafla, oili inaungulia mle ndani kama ukoko. Na oili yenyewe iwe safi, uibadilishe mapema."

Niliishia darasa la nne, saa ya mkono sina. Nikapima kwa salamu. Nafika, naacha injini inaunguruma, nashuka: shikamoo, za nyumbani, za watoto, za shamba, mvua je, yule mgonjwa je. Mzee mmoja wa Kingoni alitosha kabisa. Wakiwa wawili, turbo inapoa mpaka inasahau safari. Miaka minne injini haikukohoa, na mimi nikasifiwa adabu.

Siku moja bosi akanikuta ghalani.

"We dereva, unasalimia watu kwa dizeli yangu?"

"Napooza turbo, bosi."

"Itapozwa na upepo. Zima."

Nikazima. Tangu siku hiyo nikawa nazima kwanza, nasalimia baadaye. Shemeji naye akaleta oili ya dukani kwake, iliyomwagwa kutoka kwenye magari ya watu na kuchujwa kwa kipande cha kanga. Nikamwambia mbona nyeusi. Akasema, "Hiyo imekomaa."

Haikufika masika. Turbo ilikata tukiwa tunaingia Mshangano, moshi wa bluu ukafunika barabara, injini ikanywa oili yake yenyewe mpaka ikakwama. Bosi akatangaza kwamba dereva ana mkono mzito. Shemeji akatikisa kichwa kwa huzuni. Nikafukuzwa, nikashika jembe hapo hapo Mshangano.

Msimu uliofuata bosi akaja shambani kwangu na pikapu ile ile, injini nyingine, turbo nyingine. Kwa haraka yake aliiacha inaunguruma.

"Fundi kanikabidhi gari kwa sharti moja: uendeshe wewe. Rudi kazini, bwana."

"Karibu, bosi. Za nyumbani?"

"Nzuri. Sasa..."

"Watoto?"

"Wazima."

"Duka? Safari? Mvua huko kwenu?"

Akajibu yote, jicho liko kwenye gari.

"Na shemeji hajambo?"

"Hajambo," akasema polepole.

"Basi sasa unaweza kuzima," nikamwambia, nikainamia mahindi yangu.