Wifi Mmoja, Mikataba Miwili

Mtaa mzima ulimwita Opereta, na jina hilo hakulipata kwa utani. Miaka ishirini na sita alikaa katika chumba cha simu cha hospitali, akipokea simu za watu wenye wagonjwa na kuwaunganisha na wodi. Kazi ile ilimfundisha kumjua mtu kwa sauti kabla hajamaliza sentensi. Anayeongea mbio mbio hana jibu. Anayevuta pumzi mara mbili kabla ya kujibu swali jepesi, huyo anatunga uongo. Alipostaafu, vifaa vya kazi alivirudisha, masikio akabaki nayo.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vinne na korido nyembamba. Yeye na mumewe, fundi wa majokofu, waliijenga chumba baada ya chumba, leo matofali, mwakani mlango. Mume alipofariki, dada wa marehemu alikuja na sanduku moja kwa ajili ya msiba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu hata ufagio hakuugusa. Miaka mitatu ikapita. Sanduku likazaa makabati mawili, na sebule ikawa ya bibi huyo tangu asubuhi hadi wakati wa kulala.

Waliitana wifi kwa wifi, na neno lenyewe walilitamka kama mtu anayetema kokwa.

"Wifi, hii chai imepoa."

"Jiko halijapoa, wifi. Na miguu unayo."

Hivyo ndivyo walivyoishi mpaka ilipokuja barua ya kampuni ya simu. Nyaya za zamani zingeondolewa mwisho wa mwezi uliofuata, na kila mwenye simu ya mezani alitakiwa achague kampuni ya kumletea huduma mpya: simu, televisheni na intaneti, vyote kwa waya mmoja.

Opereta alitaka simu isiyokatika, na intaneti ya kumwona binti yake wa pekee, muuguzi aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo, ambaye uso wake kwenye simu ya mkononi ulikuwa ukiganda mdomo wazi kila Jumapili. Wifi yake alitaka tamthilia. Alitaka king'amuzi chenye chaneli mia mbili, na alilisema hilo mezani kana kwamba mwenziwe alikuwa mpishi wa kuagizwa.

"Nitachagua mimi," Opereta alisema. "Simu ni yangu."

"Simu yako. Ukuta je?"

Opereta aliliacha lile neno lipite. Baadaye alijilaumu kwa kuliacha.

Alichagua kwa njia aliyoijua. Vipeperushi vilivyojaa picha za familia zinazocheka alivisukuma pembeni, akachukua penseli, akazipigia kampuni tatu simu, moja baada ya nyingine, saa nne asubuhi, wakati watu wako kazini na hawana kisingizio. Kampuni ya kwanza, ile yenye mabango kila kona, ilimpa mashine iliyomwambia abonyeze moja, abonyeze tatu, asubiri, kisha ikamkatia. Ya pili alipokea binti mwenye sauti tamu aliyekuwa akisoma karatasi. Opereta alimuuliza waya ukikatika nani anakuja na baada ya muda gani, naye binti akarudi juu ya karatasi akaanza upya kumkaribisha. Ya tatu ilikuwa kampuni ndogo. Alipokea mwanamume mwenye mafua.

"Hilo silijui, mama," alisema. "Nisubiri nimuulize fundi."

Alirudi baada ya dakika nne na jibu lenye mkia na kichwa. Opereta akaandika jina la kampuni ile, akalipigia mstari, akaomba waje Jumanne.

Wifi yake, aliyekuwa amesikiliza yote toka kwenye kochi, akacheka puani. "Unachagua intaneti au unachagua mchumba?"

"Mchumba nilikwisha kuchagua. Dada yake ndiye sikupewa nafasi ya kumchagua."

Jumanne, kabla Opereta hajamaliza kudeki korido, gari lilisimama mlangoni. Halikuwa la kampuni ndogo. Lilikuwa la ile kampuni ya mabango, na kijana mwenye ovaroli akashuka na dishi kwapani, drili mkononi.

"Nani ameiita kampuni hii?" Opereta aliuliza.

"Mimi," wifi yake akajibu toka mlangoni. Alikuwa amekwisha kuvaa nguo ya kutokea na kujipaka poda, jambo lililokuwa geni saa kama ile. "Nilikwenda dukani kwao wiki iliyopita. Nimesaini mkataba wa miaka miwili. Wewe na kampuni yako ya wenye mafua mtanikuta naangalia."

Walianza kutupiana maneno hapohapo kizingitini, fundi akiwa katikati kama mtu aliyeingia barabarani taa zikiwa nyekundu. Na wakati wakiwa hapo gari la pili likafika, la kampuni ndogo, na fundi wake, mzee mfupi mwenye ngazi begani, akasimama kando kungoja zamu yake bila kuelewa zamu ya nini.

Fundi wa kwanza akatafuta namna ya kumaliza kazi yake aondoke. Alifungua jalada lake. "Mama zangu, mimi nahitaji mwenye nyumba tu. Nitatoboaje ukuta nisipopata ruhusa? Tena nina barua ya mteja hapa yenye muhuri, ile ya kuthibitisha makazi. Aliiomba dukani, anaipeleka ofisi ya ardhi."

Wifi aliruka kuichukua. Kwa mwili wake mzito hakuwa amewahi kwenda kasi namna ile. Lakini Opereta alikuwa karibu zaidi.

Aliisoma amesimama, ndoo ya maji machafu miguuni. Barua ilisema kwamba mteja, kwa maelezo yake mwenyewe, ndiye mmiliki na mkazi wa nyumba ile tangu kaka yake alipofariki. Chini yake palikuwa na sahihi ya wifi, kubwa, yenye mikunjo ya maringo.

Kumbe chaneli mia mbili zilikuwa kitambaa cha kufunikia.

"Ofisi ya ardhi," Opereta alisema polepole. "Huko kuna tamthilia gani, wifi?"

"Nyumba ni ya damu," wifi akasema. Hakuona haya, na macho hakuyashusha. "Kaka yangu alitoka jasho hapa. Wewe uliolewa tu. Mke ni nguo, ndugu ni ngozi."

"Na hiyo ngozi ilikuwa wapi nilipokuwa nabeba zege na mimba ya miezi saba?"

Aliingia chumbani, akatoka na hati ya nyumba ndani ya bahasha ya plastiki, akaiweka mbele ya mafundi wote wawili. Majina yalikuwa mawili, la mume na la mke. Mzee mwenye ngazi alisoma, akakohoa, akatazama pembeni.

Bado Opereta alitaka kujua jambo moja. Alikwenda kwenye simu ya mezani pale koridoni akampigia shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, mtu aliyemheshimu kuliko wote wa upande ule. Ndiye aliyemshika mkono makaburini.

"Shemeji, salama? Nauliza tu. Dada yako amekuambia anataka kupeleka barua ofisi ya ardhi?"

Shemeji alivuta pumzi. Akaivuta tena.

"Barua gani hiyo, shemeji yangu?"

Opereta akarudisha simu mahali pake taratibu, bila kuaga. Hilo ndilo lililomchoma. Adui wa sebuleni alikuwa amekwisha kumzoea. Huyu wa pili alikuwa akimwamini.

Aligeuka akamwambia wifi yake, kwa sauti ileile aliyozoea kuwatangazia watu kwamba muda wa kutazama wagonjwa umekwisha: "Fungasha. Ifikapo saa tisa sitaki kukuona humu."

"Hunitoi!"

"Basi mwite kaka yako aje anitoe mimi. Aje na hati yake."

Fundi wa dishi alikuwa amekwisha kukunja waya wake na kuondoka bila kupewa sahihi. Wifi alizunguka vyumbani akitukana, akivuta droo na kuzibamiza. Aliapa kwamba nyumba ile itageuka pango la popo, kwamba Opereta atakufa peke yake na atagunduliwa kwa harufu.

Katikati ya kelele hizo mzee mwenye ngazi alijikaza, kiboksi cha intaneti mkononi. "Samahani, mama. Mimi niendelee? Na wifi tuiweke wapi?"

Droo zikaacha kubamizwa.

"Wifi aliyepo anatoka leo," Opereta akasema. "Huyo wako mweke koridoni."

Mzee alitoboa ukuta, na vumbi la matofali likamwangukia wifi akipita na makabati yake yakipelekwa kwenye gari la kukodi. Hakuna aliyemwomba radhi.

Ukoo ulimwita Opereta kikaoni mara tatu. Hakwenda. Alipeleka nakala ya hati kwa wakili, na shemeji alipopiga simu aliiacha ilie mpaka ikachoka.

Jumapili ya kwanza binti yake alionekana kwenye kioo safi kabisa, kila unywele unahesabika. Alikuwa analia. Shangazi alikuwa amempigia kabla.

"Mama, mrudishe. Ndiye aliyenilea kwake ulipokuwa na zamu za usiku."

"Alikulea, sikatai. Na hapa harudi."

Binti akakata. Wiki mbili hakupiga. Ya tatu alipiga, wakaongea habari za baridi, za viatu vya kazini, za mgonjwa mmoja mkorofi. Shangazi hakutajwa. Opereta aliuona uso wa mwanawe vizuri mno, hata ile misuli ya taya iliyokaza, akatamani kidogo picha ingeganda kama zamani. Lakini hakujuta.